Laptopu Imetoka kwa Fundi Ikiwa Nzito: Tafuta Kosa kwa Kufuata Dalili

Malalamiko haya yanafanana sana. Tundu la chaja lilikuwa limelegea, au feni imekufa, au kioo kimepasuka. Fundi akatengeneza, na kosa lile la kwanza kweli limekwisha. Ila sasa Word inachukua dakika nzima kufunguka, video zinakwamakwama, na kishale kinaruka badala ya kuteleza. Ushauri ambao mwenye mashine atapewa karibu kila anapouliza ni mmoja: piga Windows upya. Anapiga, anapoteza siku nzima na wakati mwingine mafaili yake, na mashine inabaki na uzito uleule, kwa kuwa Windows haikuwa na kosa.

Mashine iliyokuwa nyepesi kabla ya kufunguliwa na ikawa nzito baada ya kufungwa, mara nyingi chanzo chake kiko kwenye kitu kilichoguswa: kebo iliyosahaulika, kifaa kilichobadilishwa, au mipangilio iliyovurugika betri ilipochomolewa. Kwa hiyo swali la kwanza liende kwa fundi, tena kwa heshima na bila shutuma: "Fundi, ulifungua wapi, ulibadilisha nini, na Windows uliigusa?" Majibu hayo yatakupunguzia kazi nyingi huko chini.

Pima kabla ya kutibu

Iwashe mashine, iache dakika kumi bila kufungua kitu, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, nenda kwenye Performance. Kwenye CPU (prosesa) andika asilimia ya matumizi, Speed kwa GHz, na Base speed iliyoandikwa pembeni. Kwenye Memory (RAM) andika jumla ya GB, Speed, Slots used na Hardware reserved. Kwenye Disk andika kama ni SSD (isiyo na kitu kinachozunguka) au HDD (ya kuzunguka), asilimia yake, na Average response time. Piga picha ya kila ukurasa kwa simu. Utazihitaji ukirudi kwa fundi.

Namba hizo ndizo zitakazokuambia uende kwenye dalili ipi kati ya zifuatazo. Usianze na dalili ya tatu kwa sababu tu jirani yako lilimkuta hilo.

Onyo moja kabla ya yote: ukitaka kuingia BIOS (mipangilio ya mashine inayoamka kabla ya Windows) na kubadilisha chochote, hakikisha kwanza kama diski imefungwa na BitLocker, kufuli la Windows la kulinda mafaili. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -status, usome jibu. Kama imefungwa, tafuta ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft, au kwa watu wa kompyuta wa ofisini kama mashine ni ya kazi, na uuandike kwenye karatasi. Mazabodi (bodi kuu ya mashine) ikibadilishwa au BIOS ikirudishwa mwanzo, Windows inaweza kuuomba ufunguo huo mara ya kwanza unapowasha. Bila ufunguo mafaili yaliyomo hayafunguki, na hakuna fundi mwenye njia ya kuyafungua.

Dalili: nzito tangu inawaka, na CPU imekwama chini ya GHz 1

Dalili hii hufuata kazi za umeme: tundu la chaja, betri, mazabodi. Speed inasoma 0.39, 0.78 au karibu na hapo, na haipandi hata ukifungua programu kumi. Chukua mfano wa prosesa i5-6300U, iliyomo kwenye HP EliteBook 840 G3 nyingi zinazouzwa mtumba: kasi yake ya msingi ni GHz 2.4, na ikihitajika hupanda hadi 3.0. Ukiiona imekaa 0.4 ujue inatumia sehemu moja tu ya sita ya kasi yake ya msingi. Windows hapo haina hatia.

Kipimo cha kwanza hakihitaji bisibisi. Huku Task Manager iko wazi, chomoa chaja, mashine ibaki kwenye betri. GHz zikipanda papo hapo, kosa liko upande wa chaja au tundu lake. Zisipopanda, rudisha chaja na endelea. Kipimo hiki ni cha nusu dakika, na ningependa kila fundi akifanye mbele ya mteja kabla ya kupokea hela.

Sababu inayoongoza ni chaja kutotambulika. Kwenye Dell nyingi, chaja ya kichwa cha duara ina pini nyembamba katikati. Pini hiyo haibebi umeme wa kuendesha mashine. Kazi yake ni kuiambia laptopu chaja hii ni ya wati ngapi: 65, 90, 130. HP zenye kichwa kidogo cha bluu nazo zina pini ya aina hiyo. Tundu likibadilishwa, waya wa pini hii ukakatika au usikae vizuri, mashine itapokea volti zake 19.5 kama kawaida lakini haitajua ina wati ngapi za kutegemea. Kwa usalama inajibana: inashusha kasi ya prosesa, na mara nyingi inakataa kuchaji betri. Chaja ya bei rahisi isiyo na utambulisho huo huleta matokeo yaleyale hata kama tundu ni zima.

Angalia hivi. Zima mashine, ichungulie pini ya katikati kwenye kichwa cha chaja kwa tochi ya simu. Iwe imenyooka, iko katikati, haijazama. Kisha washa huku ukibonyeza F2 kwenye Dell, uingie BIOS, ufungue ukurasa wa taarifa za betri. Hapo chaja inatakiwa isomeke kwa wati zake. Ukiona neno Unknown, umeshapata jibu. Wakati mwingine Dell hukuambia yenyewe inapowaka kwamba aina ya chaja haijulikani. Watu wengi hubonyeza kitufe cha kuendelea bila kusoma, na ujumbe huo ndio uliobeba kisa chote.

Dawa ni kuazima chaja halisi ya mashine kama yako, yenye wati zilezile au zaidi, na kujaribu. Kasi ikirudi, nunua chaja. Isiporudi, tatizo ni tundu. Kwenye Dell Latitude nyingi tundu ni kipande chenye kebo yake kinachochomekwa kwenye mazabodi, hivyo kukibadilisha ni kazi ya skrubu chache. Kama kwenye mashine yako limechomelewa kwa risasi moja kwa moja kwenye mazabodi, hiyo si kazi ya mezani nyumbani.

Wenye laptopu za USB-C, sababu yenu ya kwanza ni nyepesi zaidi: chaja ya simu. Inaingia, taa inawaka, betri inapanda polepole, lakini wati 20 au 30 hazitoshi kwa mashine iliyoundwa kwa 65.

Sababu ya pili ni betri isiyounganishwa au isiyotambulika. Laptopu nyembamba hukopa umeme wa betri pale prosesa inapohitaji nguvu ya ghafla kuliko chaja inavyoweza kutoa. Betri ikikosekana, mashine inajiwekea mipaka. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, ufungue faili litakalotengenezwa. Kama betri haimo kabisa kwenye orodha, huenda kiunganishi chake hakikukandamizwa hadi mwisho, au betri iliyowekwa si ya mashine hiyo. MacBook za Intel zina tabia hii kwa nguvu zaidi: betri ikitolewa, au kebo ya sensa isiporudishwa, kasi hushuka sana na ndani ya Activity Monitor, ambayo ni Task Manager ya Mac, utaona kernel_task (kazi ya mfumo wenyewe) imeshika prosesa yote. Usihangaike kuiua kernel_task. Izime, iwashe huku umeshika kitufe cha D, ipite kipimo cha Apple. Namba zinazoanza na PPT zinaelekeza kwenye betri, zinazoanza na PPF kwenye feni.

Ya tatu ni mipangilio ya umeme. Nenda Settings, kwenye sehemu ya betri na umeme, uone kama Power mode imewekwa kwenye kubana matumizi. Kwenye Control Panel, ndani ya mpango wa umeme, Maximum processor state iwe 100%. Hii huonekana zaidi pale fundi aliposhusha kasi makusudi ili mashine isichemke, badala ya kutibu joto lenyewe.

Kabla ya kununua chochote, iondolee umeme wote uliobaki. Zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde 30. ThinkPad zenye betri ya ndani zina kitundu chembamba chini kwa kazi hii. Chomoa chaja, ingiza pini ya karatasi, bonyeza taratibu. Kidhibiti cha umeme kilichoshika taarifa za zamani huamka upya.

Ikiwa yote hayo yamepita na GHz bado hazipandi, imebaki saketi ya mazabodi au sensa iliyokufa. Programu ya bure ya HWiNFO itakuonyesha kama ishara ya BD PROCHOT imewaka. Utakuta watu wanashauri uizime ishara hiyo kwa programu ya ThrottleStop, na kweli mashine itapaa. Usifanye iwe ndiyo matengenezo. Ishara hiyo ni njia ya mazabodi ya kusema kuna kitu kinaungua au umeme hautoshi. Ukiinyamazisha, kinachofuata ni saketi ya umeme kufa, na hapo gharama inazidi bei ya mashine. Simama hapa, peleka kwa fundi mwenye mita na mchoro wa mazabodi hiyo.

Dalili: inaanza vizuri, dakika chache baadaye inachemka na kulegea

Hapa GHz huanza juu, kisha zinashuka kadiri chini ya mashine panavyopata moto. Weka HWiNFO, usome joto la prosesa. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100; zikikikaribia, hujipunguza zenyewe ili zisiungue. Ukiwa Dar au Mombasa mwezi wa pili, chumbani nyuzi 32, laptopu iliyotulia ikisoma 45 hadi 55 haina neno, na ikifanya kazi nzito ikisoma 75 hadi 90 bado unaweza kuishi nayo.

Namba yenyewe si muhimu kama namna inavyopanda. Fungua kitu kizito huku unatazama. Joto likiruka kutoka 50 hadi 95 ndani ya sekunde tano, hitisinki (kipande cha chuma kinachoondoa joto la prosesa) haijagusana vizuri na prosesa. Likipanda polepole kwa dakika kumi hadi kikomo, hitisinki imeshika lakini hewa haitoki. Tofauti hiyo inakuambia ufungue ukitafuta nini.

Tuanze na hewa. Weka kiganja kwenye tundu la kutolea joto. Hakuna upepo wala sauti? Kebo ya feni haijachomekwa. Hilo ndilo kosa la haraka la kazi ya kusafisha vumbi au kubadilisha kibodi, kwa sababu kiunganishi chake ni kidogo sana na hufichwa na kebo nyingine. HP itakuandikia System Fan (90B) inapowaka, na ThinkPad itaandika Fan error. Feni inaunguruma lakini upepo ni hafifu? Mapezi ya shaba yamezibwa. Vumbi likisafishwa upande wa feni tu, utando ulio kati ya feni na mapezi hubaki palepale, na ukiutoa hutoka kipande kizima mfano wa blanketi. Ukipuliza kwa mashine ya upepo, zuia mapanga ya feni kwa kidole, yasizunguke kwa kasi ambayo hayakuundiwa.

Joto la kuruka ghafla ndilo linalohitaji macho. Hitisinki inapotolewa, pesti ya kupitisha joto iliyokuwa kati yake na prosesa hupasuka na haifai tena, hata kama bado inaonekana mbichi. Kuirudisha hitisinki bila pesti mpya ni kosa la kawaida kuliko mengine yote kwenye kundi hili. Linalofuata ni skrubu. Karibu na kila skrubu ya hitisinki pamechapwa namba: 1, 2, 3, 4. Zinakazwa kwa mpangilio huo, kidogokidogo, zote zikizunguka, ili hitisinki ikae sawa. Ukikaza moja hadi mwisho ndipo uende nyingine, upande mmoja unainuka.

Halafu kuna pedi za joto, zile laini za kijivu au bluu zinazokaa juu ya vifaa vidogo kuzunguka prosesa. Pedi ya milimita 0.5 ikibadilishwa kwa ya milimita 1, inaiinua hitisinki nzima na prosesa inabaki hewani. Na pedi mpya huja na karatasi ya plastiki pande zote mbili. Karatasi moja ikisahaulika ndani, joto halipiti. Ukifungua, iguse pedi kwa ukucha pembeni. Kama kuna utando unaong'aa unaobanduka, umepata kosa lako.

Unayetaka kuifanya kazi hii mwenyewe: zima, chomoa kebo ya betri kwanza kabla ya kugusa kingine, futa pesti ya zamani kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka tone dogo katikati ya prosesa, kaza kwa mpangilio wa namba. Achana na pesti ya metali ya maji. Ikivuja kwenye mazabodi inaleta shoti.

Usiendelee kuiwasha kama inajizima yenyewe, inatoa harufu ya kuungua, au pedi ya kugusia imeinuka na kifuniko cha chini hakikai sawa. Hilo la mwisho ni betri iliyovimba. Usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji hata mara moja tena. Izime, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, na mtu mwenye uzoefu aitoe.

Dalili: CPU ni nzima, lakini Disk iko 100% muda wote

Soma kwanza neno lililo chini ya Disk. Kama mashine ilikuwa na SSD na sasa pameandikwa HDD, hujarudishiwa kifaa chako. Diski ya kuzunguka husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde, SSD ya SATA hufika 550 hivi, na SSD za NVMe za PCIe 3.0, zenye kasi kuliko za SATA, hufika 3,500. Mtu aliyezoea SSD akirudishwa kwenye HDD ataona mashine imekufa, ilhali haina ubovu wowote. Inawezekana fundi alibadilisha kwa nia njema kwa sababu ile ya kwanza iliharibika; muulize iko wapi na akupe uione.

Kama bado ni SSD, tazama Average response time. SSD nzima hujibu ndani ya milisekunde chache. Ukiona mamia, au maelfu, kwa muda mrefu, shuku kebo. Laptopu zenye diski ya inchi 2.5 mara nyingi huiunganisha kwa kebo bapa, nyembamba kama utepe, ambayo ikikunjwa kwa pembe kali wakati wa kufunga huvunjika nyuzi za ndani huku nje ikionekana salama. Weka CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski. Mstari wa C7 unahesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na mazabodi. Andika namba hiyo, tumia mashine siku moja, usome tena. Ikiongezeka, badilisha kebo. Ni kifaa cha bei ndogo. Jambo lingine la kutazama ni Transfer Mode. SSD ya SATA/600 inayofanya kazi kwa SATA/300 au 150 nayo inalalamikia kebo au soketi, isipokuwa kama mashine ni ya zamani na mwisho wake ni hapo. Event Viewer, daftari la matukio la Windows, hutoa ushahidi uleule: matukio namba 129 na 153 yakijirudia, Windows inaomba data na haijibiwi kwa wakati.

Mistari ya 05 na C5 ni habari nyingine. Hiyo inahesabu sehemu za diski zilizokufa au zinazokufa. CrystalDiskInfo ikiandika Caution au Bad, acha kila jaribio na unakili mafaili yako leo, kabla ya kugusa chkdsk (amri ya Windows ya kukagua diski), kwa kuwa chkdsk huisumbua diski nzima na inaweza kuimalizia. HDD inayotoa sauti ya kugonga izimwe palepale. Kila ikiwashwa inapunguza nafasi ya kuokoa vilivyomo, na kuokoa ni kazi ya wataalamu wa data.

SSD mpya ya bei ya kutupa inastahili kushukiwa pia. Zipo zinazojitangaza kuwa na ukubwa mkubwa kuliko zilizo nao. Programu ya H2testw huziumbua kwa kujaza diski na kusoma tena kilichoandikwa. Zipo za halali lakini dhaifu, zinazokimbia mwanzo na kuchoka zikijaa. Acha angalau sehemu moja ya tano ya nafasi ikiwa tupu.

Dalili: inakwama ukifungua vitu vingi, na Memory iko juu ya 90%

Soma jumla ya GB. Ulikuwa na 8, sasa 4: ama kipande kimoja cha RAM hakijaingia hadi kubana, ama kimetolewa. Slots used itakuambia. Ikisema 1 of 2 wakati ulikuwa na viwili, fungua kifuniko, chomoa betri, toa RAM, futa meno yake ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, irudishe kwa pembe na uilaze mpaka vishikizo vya pembeni vibane vyenyewe.

Kama vipande vyote vinaonekana lakini Hardware reserved imemeza GB kadhaa, andika msconfig kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, ifungue, nenda Boot, kisha Advanced options, uondoe tiki ya Maximum memory. Papo hapo angalia na Number of processors isiwe na tiki.

Kipande kimoja cha GB 8 hakifanani na viwili vya GB 4, hasa kwa laptopu isiyo na kadi yake ya picha, kwa kuwa vipande viwili hupitisha data kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Ukichanganya RAM ya DDR4 yenye kasi ya 3200 na ya 2400, vyote hutembea kwa 2400; hilo huwezi kulihisi kwenye kazi za kawaida, usilipie fundi kulitibu. Mashine ikiganda ovyo au kuonyesha skrini ya bluu, pitisha MemTest86, kipimo cha RAM, usiku kucha.

Dalili: hufanyi kitu, lakini CPU inakula 40% au zaidi

Hapa ndipo Windows inapoingia, na ni pale tu fundi alipoipiga upya. Siku ya kwanza ni halali: inashusha sasisho, inakagua virusi, inapanga orodha ya mafaili. Iache kwenye chaja na intaneti usiku mmoja, izime na kuiwasha asubuhi. Wengi humaliza hapo.

Isipotulia, shuku kilichotumika kuiamsha Windows. Programu za kuchakachua leseni mara nyingi huja na wageni, wakiwemo wanaochimba sarafu za kidijitali kwa prosesa yako. Baadhi hujificha mara tu Task Manager ikifunguliwa: feni inaunguruma, unafungua kutazama, asilimia inashuka ghafla. Fungua Windows Security, uende kwenye Exclusions. Ukikuta diski C nzima imewekwa kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa, kuna mtu aliyeiweka. Iondoe, endesha ukaguzi wa Microsoft Defender Offline, kisha badilisha nywila zako ukitumia kifaa kingine, hasa za benki na barua pepe. Kwenye hali hii, na hii peke yake katika makala nzima, nakushauri kupiga Windows upya, kwa faili lililoshushwa kwenye tovuti ya Microsoft. Kama ni Windows 10, kumbuka muda wake wa kawaida wa kupata sasisho za usalama uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Dalili ndogondogo zinazodhaniwa ni uzito wa mashine

Video zinakatika na kurasa zinashuka kwa kuvutana, huku namba zote ni nzuri: fungua Device Manager, Display adapters. Ukisoma Microsoft Basic Display Adapter, draiva ya picha haijawekwa. Chukua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa kutumia Service Tag ya Dell, au namba ya utambulisho iliyo chini ya HP na Lenovo. Programu za kutafuta draiva zote kwa mkupuo ziache.

Intaneti peke yake ndiyo nzito, na ukiikaribia ruta inakimbia: waya za antena za Wi-Fi, mara nyingi mmoja mweusi na mmoja mweupe, hazikurudishwa kwenye kadi. Hutokea sana baada ya kubadilisha kioo. Kurasa zinakataa kufunguka zikisema muunganisho si salama: tazama saa na tarehe. Betri ndogo ya BIOS ikitolewa tarehe hurudi nyuma miaka.

Kishale kinaruka au madirisha yanajifungua yenyewe: chomeka kipanya na kibodi za nje. Kibodi mpya yenye kitufe kilichonasa inaweza kukufanya udhani Windows imechanganyikiwa.

Ukirudi kwa fundi

Mtu aliyemwagiwa maji au chai kwenye mashine asipite njia hizi nyumbani hata kidogo. Kutu huendelea kula chini ya vifaa hata baada ya kukauka, na kila kuiwasha kunaongeza madhara. Hali kadhalika kama kuna kazi ya risasi kwenye mazabodi, au mashine bado iko ndani ya waranti ya duka.

Nenda na zile picha za Task Manager na chaja yako mwenyewe, si ya dukani. Usimwambie fundi "umeniharibia". Mwambie: "Fundi, kwenye chaja inasoma GHz 0.78, nikichomoa inapanda 2.9, naomba tuangalie waya wa pini ya katikati." Mwombe afungue ukiwepo. Akimaliza, iwashwe pale pale ikiwa kwenye chaja, ufungue kivinjari na video, na usome GHz, GB na aina ya diski kabla hujatoa hela. Na safari nyingine, kabla hujaikabidhi, piga picha ya ukurasa wa CrystalDiskInfo unaoonyesha jina na namba ya utambulisho ya diski, na ya vipande vya RAM kama kifuniko kinafunguka.